Mgongo wa Picha

Ramadhani ya mwaka 1997 ilinikuta kwa Bibi, Ngamiani, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na sina kazi ila kungoja matokeo. Mchana nilishinda kwa mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu hapo Tanga, nikimfagilia studio na kumshikia taa, naye akinifundisha kupiga na kusafisha picha. Usiku, tukishatoka tarawehe, nilikuwa na shughuli yangu ya siri.

Bibi alikuwa na bati la biskuti, limejaa picha. Nilizihesabu: 43. Nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, za studio, na zile kingo za mawimbimawimbi walizokuwa wakizikata zamani. Nikanuia kumtengenezea albamu, iwe zawadi yake ya Idi. Nilinunua karatasi za manila na chupa ya gundi ya maji, nikazikata karatasi sawasawa, nikazishona kwa uzi wa katani. Kwetu mkonge haukosekani.

Mwalimu wangu wa picha alikuwa na neno lake, alilirudia kila siku: picha inayohitaji maelezo ni picha iliyoshindwa. Nililimeza neno lile zima zima. Kwa hiyo chini ya picha za Bibi sikuandika kitu, wala jina, wala mwaka. Niliziacha zizungumze zenyewe.

Nyuma ya nyingi palikuwa na maandishi. Mengine yalikuwa ya kalamu ya wino, kwa herufi za Kiarabu lakini maneno ya Kiswahili, kama walivyoandikiana wazee wetu wa pwani. Bibi hakwenda skuli, alisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na herufi alizozijua ndizo hizo. Na mimi nilikuwa nimesoma chuoni, kwa hiyo herufi nilizijua vilevile. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilipaka gundi juu ya maandishi, nikabandika, nikakandamiza kwa kiganja mpaka kila picha ikalala.

Siku ya Idi, baada ya swala, nikamwekea mapajani.

“Mashaallah, mume wangu!” akasema, maana ndivyo alivyoniita, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Akafunua taratibu. Alicheka alipofika kwa babu aliyesimama na baiskeli, akampita mama akiwa mtoto, akafika kwenye picha ya msichana aliyekaa kitini, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye redio, anatabasamu. Hapo akasimama. Akaipapasa kwa kidole. Kisha nikamwona anapenyeza ukucha pembeni mwa picha, anajaribu kuiinua.

“Na mgongo wake uko wapi?”

Sikumwelewa. Akaujaribu ukucha tena upande wa pili. “Mgongo wake, mwanangu. Umeupeleka wapi?”

Aliponiita mwanangu nikajua nimeharibu.

Yule msichana sisi wote nyumbani tulimdhani ni dada yake Bibi. Kumbe alikuwa shoga yake, jina lake sitaliandika hapa kwa kuwa watu wake wapo. Aliposwa na mtu wa Pemba, na siku mbili kabla ya kupanda jahazi wakaenda wawili studio, akapiga picha ile. Redio ilikuwa ya studio. Akaandika nyuma yake, akampa Bibi. Huko Pemba hakumaliza miaka miwili. Alifariki kwenye uzazi. Bibi alipata habari mazishi yamekwisha zamani.

“Aliandika, ‘Nikirudi nirudishie.’ Halafu pana maneno mengine,” Bibi akasema. “Hayo nilikuwa nikiyasoma, siyajui kwa moyo.”

Picha ilikuwa ileile mbele yangu: msichana, kiti, redio, tabasamu. Niliitazama mwezi mzima nikiona mtu aliyefurahi studio. Sasa ni mtu anayeaga. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi hata chembe, na sikuweza tena kuiona nilivyoiona jana yake.

Nilikaa na birika jikoni mpaka adhuhuri. Mvuke ulilegeza gundi kidogo, nikaingiza wembe. Picha ikatoka, lakini nyuma yake ilikuwa imechunika, nyeupe, nyuzinyuzi. Nilitaka kulia. Ndipo nikaona kwenye manila, pale ilipokuwa imelala: gundi mbichi ilikuwa imeunyonya wino. Maandishi yalikuwa yamehamia pale, ya zambarau iliyofifia, yamegeuka kinyume. Herufi za Kiarabu zilikuwa zinakwenda kushoto kwenda kulia.

Nikaenda kuchukua kioo cha Bibi cha kuvalia.

Tukakaa barazani, yeye kashika kioo, mimi nimeshika manila, majirani wanapita na masahani ya Idi. Sehemu nyingine wino ulikuwa umetawanyika, hazisomeki. Akasoma polepole, midomo inatangulia sauti: “Nikirudi nirudishie. Nisiporudi usimpe mtu.”

Na mimi nilikuwa nimeibandika ukurasa wa tatu, ili kila mgeni wa Idi aione.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaishika kazi hii ya kamera, nilisoma habari za ile picha mashuhuri ya Marekani, ya mama aliyeshika shavu na watoto wamemwegemea mabegani. Dorothea Lange aliipiga mwaka 1936 huko Nipomo, California, katika kambi ya vibarua wa mashambani, na hakumwuliza mama yule jina. Dunia nzima ilimjua kwa uso tu mpaka mwaka 1978, ndipo ikafahamika kuwa anaitwa Florence Owens Thompson, naye alikuwa na uchungu na picha ile. Maelezo ya mpiga picha yalisema wameuza tairi za gari wapate chakula. Watoto wake walikanusha, hawakuuza tairi yoyote. Kwa hiyo najua maneno nayo huweza kusema uongo. Hata nyuma ya picha ya babu, tulipoibandua, palisomeka “Mimi na baiskeli yangu”, na Bibi akasema baiskeli ile ilikuwa ya studio kama redio. Lakini huo uongo ni wa babu mwenyewe. Unanionyesha alichokitamani, na uso wake peke yake usingeniambia hata siku moja. Picha ya bahari ya Raskazone jua likichomoza naweza kukupa bila neno, haitapungukiwa. Picha ya mtu ni jambo jingine: imetoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Mpiga picha wangu nampenda na nitamshukuru daima, ila hilo hakunifundisha.

Siku ya Idi Pili Bibi akanipa kalamu. Akataka maneno yale niyarudishe mahali pake, kwa herufi zilezile. Nikabandika kipande cha karatasi nyembamba juu ya yale machuniko, safari hii gundi pembeni tu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuoni, mkubwa, wa kitoto. Nikampa. Akaisogeza karibu na macho, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akaisoma mara mbili.

“Hapa umesahau nukta,” akasema, akanirudishia. “Itie.”

Nikaitia. Akaipuliza wino ukauke, akaiweka ndani ya bati, uso chini, akafunika.