Nakshi za miji ya Marekani: anza na mistari, mji utakuja baadaye

Nakshi ninazozungumzia ni picha za karatasi zilizopigwa chapa kutoka bamba la metali au kipande cha mbao kilichochongwa. Chukua karatasi yenye mandhari ya New York inayotazamwa kutoka vilima vya Weehawken, iliyochorwa na Mwingereza W. H. Bartlett. Picha yenyewe ina upana wa sentimita 18 hivi na kimo cha sentimita 12. Mbele kuna miti, katikati mto Hudson na matanga yake, na mbali kabisa mji wenyewe, mwembamba kama uzi, wenye minara ya makanisa. Wengi hukimbilia kuutazama mji. Anza na anga. Weka juu yake lenzi inayokuza mara kumi, utaona mistari ya mlalo iliyonyooka na kubanana kwa usawa ambao mkono mtupu hauuwezi. Hiyo ni kazi ya mashine ya kupigia mistari, na ni dalili nzuri kwamba unatazama chapa ya bamba la chuma cha pua (steel).

Tofauti ya chuma na shaba ni jambo kubwa. Mchapaji hupaka bamba wino, hulifuta kwa kitambaa na kumalizia kwa kiganja ili wino ubaki ndani ya mifereji iliyochongwa tu, kisha huweka juu yake karatasi yenye unyevu na kuvipitisha pamoja kati ya rola mbili zenye mgandamizo mkubwa. Kila chapa hulila bamba kidogo. Shaba ni laini, na baada ya mamia kadhaa ya chapa mistari myembamba huanza kufifia. Chuma cha pua huvumilia makumi ya maelfu. Jacob Perkins wa Massachusetts ndiye aliyeuendeleza ufundi huu kwa ajili ya noti za benki, akavuka nao kwenda London mwaka 1819, na katika miaka ya 1820 wachapishaji wa vitabu wakaudaka. Kitabu cha Bartlett, American Scenery, kiliuzwa kwa sehemu sehemu na George Virtue wa London, kikakamilika mwaka 1840 kikiwa na picha zaidi ya 100. Kwa shaba kazi ya ukubwa huo isingelipa.

Hata hivyo chuma nacho huchoka, na huanza kuchoka kwenye anga, kwa sababu mistari ya hapo ndiyo yenye kina kifupi kuliko yote. Ukiona anga imepauka na mawingu yamekatikakatika ilhali miti ya mbele bado ni myeusi, hiyo ni chapa iliyotoka bamba likiwa limeshatumika sana.

Wanaoanza hufundishwa kutafuta alama ya bamba, ule mbonyeo wa mstatili unaozunguka picha. Kwa karatasi zilizotoka vitabuni usiitegemee. Mara nyingi bamba la chuma lilikuwa kubwa kama ukurasa au kuuzidi, na mjalidi alipokata kingo alama ikaenda na vipande. Kipimo bora ni taa. Ilaze karatasi mezani, mulika kutoka pembeni karibu na usawa wa meza, na tazama mistari mizito ya mbele: kwa nakshi ya bamba wino huwa umeinuka kidogo juu ya karatasi.

Nakshi ya mbao ni kinyume chake. Hapo wino hukaa juu ya sehemu zilizobaki, na palipochongwa ndipo peupe. Mafundi walitumia mti wa boksi (boxwood), mgumu na wenye chembe ndogo, wakichonga kwenye uso uliokatwa kukingama na nyuzi za mti, si kwa urefu wake. Unene wa kipande ulilingana na kimo cha herufi za risasi za kupigia chapa maneno, kama milimita 23, hivyo picha na maneno vilipigwa chapa kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ukigeuza karatasi ya namna hii mara nyingi unakuta habari za gazeti nyuma yake. John Warner Barber wa New Haven alizunguka miji ya Connecticut na Massachusetts akichora mwenyewe, akatoa vitabu vyake mwaka 1836 na 1839 vikiwa na picha ndogo za mbao: kanisa, barabara, nyumba chache, ng'ombe. Si nzuri kama za Bartlett, lakini ukitaka kujua jengo lilisimama wapi nazipa uzito zaidi, kwa sababu aliyechora alikuwa na habari za mji mkononi na hakuwa na haja ya kuupamba.

Magazeti yakafuata: la Gleason mjini Boston mwaka 1851, ambalo mwaka 1855 likageuka kuwa la Ballou, na Harper's Weekly la New York mwaka 1857. Shina la mti wa boksi ni jembamba, kwa hiyo picha ya kurasa mbili iliundwa kwa vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa boliti. Vipande hivyo viligawiwa mafundi kadhaa ili kazi iishe haraka, kisha fundi mkuu akaziunganisha mistari kwenye maungio. Tazama anga na maji, utaona ufa mweupe mwembamba kama unywele ukishuka wima au kukata mlalo. Huo si mkunjo wala kasoro ya karatasi yako, ni maungio yaliyolegea.

Zile picha kubwa za miji inayoonekana kwa jicho la ndege, na zile za Currier & Ives, wachapishaji wa picha wa New York, huuzwa kila siku kwa jina la nakshi. Nyingi mno ni litografia, yaani chapa ya jiwe. Chini ya lenzi rangi za kijivu huonekana kama chaki iliyopita juu ya ukuta wenye chembechembe, na hakuna mfereji wowote. Na ukikuta nukta zilizopangwa kwa safu kama neti ya mbu, una nakala ya njia ya picha ya kamera, iliyoenea kuanzia mwisho wa karne ya 19. Hapo usilipe bei ya nakshi.

Rangi ndipo wengi wanapoumia. Mandhari za Philadelphia za William Birch na mwanawe, mabamba 28 ya mwaka 1800, ziliuzwa tupu na pia zikiwa na rangi. Akwatinti, yaani chapa za bamba lililoliwa na asidi ili kutoa vivuli laini, kubwa za miji za William James Bennett, za miaka ya 1830, zilikusudiwa kuwa na rangi tangu mwanzo. Za Bartlett zilitoka nyeusi kwenye nyeupe. Bartlett yenye anga ya buluu na mashati mekundu karibu kila mara imetiwa rangi baadaye, mara nyingi baada ya kitabu kuchanwa ili kuuza kurasa moja moja. Inaweza kupendeza ukutani, ila muuzaji akisema rangi ni ya asili, mwombe athibitishe.

Sasa, je, mji ulikuwa hivyo kweli? Bartlett alichora kwa wino wa hudhurungi kwa kipimo kilekile cha bamba, na waliochonga walikaa Uingereza. Watu na miti ya mbele ilipangwa ili picha ikae vizuri. Milima iliongezewa kimo. Mpangilio wa ufuo, minara na aina za meli ni vya kuaminika zaidi. Kwetu jambo hili lina uzito wake: merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, na bandari aliyoiona mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, ni ya miaka hiyohiyo ya kitabu cha Bartlett.

Mwaka ulioandikwa chini ni wa kuchapishwa, si wa kuchora. Bartlett alitembea huko mwaka 1836 na 1837. Wengine walimnakili miaka mingi baadaye, mji ukiwa umeshabadilika. Mnakili aliyesahau kugeuza mchoro kwenye bamba alitoa mji uliopinduka kama kwenye kioo. Linganisha upande wa mto kwenye ramani.

Kuhifadhi: usitumie selotepu kamwe, gundi yake huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia. Shikiza kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, kwenye ukingo wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Kadi ya fremu iwe isiyo na asidi, la sivyo itachoma mstari wa kahawia kuzunguka picha. Kioo kisiiguse karatasi. Mwanga usizidi luksi 50, hasa kwa zenye rangi. Pwani, unyevu ukipita asilimia 65 kuvu huamka na madoa ya kahawia huongezeka, kwa hiyo usiitundike kwenye ukuta wa nje. Na ukingo wenye jina la mchoraji kushoto, mchongaji kulia na mchapishaji chini usiukate hata kama hauingii kwenye fremu. Nunua fremu nyingine.