Amemkimbilia Yule Yule Aliyemkataza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kuna jambo limenielemea. Dada mmoja tunayeomba naye aliniambia kwamba ameacha kuomba. Kanisani anakuja, imani anayo, lakini usiku anakaa kitandani, anafumba macho, kisha anajilaza tu. Nilipomuuliza sababu akasema, "Nitamwambia nini Mungu, na jambo lenyewe ni lile lile alilonionya?" Sikuwa na la kumjibu papo hapo. Nami nimepita huko, nalijua giza la usiku wa namna hiyo.

Jibu nililipata kwa mwanangu wa mwisho, mwenye miaka mitatu. Kuna kiti nimemkataza kukipanda, na anajua. Alikipanda. Nikiwa chumba cha pili nilisikia kishindo, kisha kile kimya kifupi ambacho kila mzazi anakijua, mtoto anapovuta pumzi kabla kilio hakijatoka. Sijafika hata mlangoni, alikuwa ameshanifikia, mdomo unavuja damu, mikono yote miwili juu. Nikambeba. Alilia begani kwangu mpaka sauti ikamkauka, machozi, damu na makamasi vyote vikiishia kwenye nguo yangu.

Aliyemkataza ni mimi, na aliyemkimbilia ni mimi. Hakusimama kwanza kujifuta. Hakutafuta maneno ya kujieleza. Hakumtuma kaka yake aje kuchungulia kama mama amekasirika. Aliumia, akaja, basi.

Sasa tumtazame baba yetu Adamu. Naye alikatazwa, naye akafanya. Lakini aliposikia sauti ya Bwana bustanini alijificha kati ya miti, na jibu lake ni "nikaogopa". Tangu siku ile hii ndiyo tabia ya moyo wa mwanadamu: tukianguka, mahali pa kwanza tunapopakimbia ni pale penye msaada wetu. Tunasema, ngoja nitulie kwanza, ngoja nipitishe wiki moja bila kuanguka, ndipo nitaomba. Wapendwa, maombi ya namna hiyo hayafiki siku yake. Nani amewahi kujitakasa mwenyewe akiwa mbali na Mungu?

Petro ndiye anayenifundisha zaidi hapa. Katika Luka 5, baada ya kukesha usiku kucha bila kupata kitu, kisha nyavu zikajaa samaki kwa neno la Yesu, Petro alianguka magotini akasema, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Wakati huo alikuwa hajamkana Bwana wake. Sasa nenda Yohana 21. Ni usiku mwingine wa kuvua bila kupata kitu, na ni neno la Yesu tena linalojaza jarife. Lakini safari hii Petro amekwisha kumkana Bwana mara tatu, tena kwa kuapa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "ondoka kwangu", ni Petro wa siku hiyo. Aliposikia kwamba ni Bwana, akajifunga vazi lake, akajitupa baharini! Chombo kilikuwa karibu na pwani, yapata dhiraa mia mbili tu, wenzake wakaja nacho wakilikokota jarife. Yeye hakuweza kusubiri. Yule aliyemfukuza Yesu alipokuwa na dhambi za kawaida, sasa anamkimbilia akiwa na dhambi iliyomliza kwa uchungu. Ni nini kilibadilika katikati? Alikuwa amekaa na Yesu. Alimjua.

Angalieni pia Bwana alivyompokea. Ufukweni palikuwa na moto wa makaa, samaki na mkate. Akawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Wakala. Ni baada ya kula ndipo alipomuuliza, "Wanipenda?" mara tatu. Swali lilikuwepo, tena lilimhuzunisha Petro, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba rehema ni kufumbia macho dhambi. Lakini chakula kilitangulia. Hata mimi habari ya kiti nilizungumza na mwanangu, na nilizungumza kwa uzito, ila baada ya damu kukatika.

Hapa naomba niseme nasi wazazi, na mnipokee kwa upendo. Mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia aliyemkataza. Mbona wa miaka kumi anaficha vipande vya kile alichovunja? Mbona binti wa miaka kumi na mitano anamweleza rafiki yake jambo linalomtesa, na mama yake yuko chumba cha pili? Kukua kwake ni sababu mojawapo, sikatai. Lakini mara nyingi ni kwamba alikuja akiumia akapokelewa kwa makelele, akaja tena akapokelewa kwa kofi, akajifunza. Paulo aliwaandikia Wakolosai, "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Mtoto aliyekata tamaa haonekani kwa macho. Anaweza kuwa mtulivu sana, mwenye heshima sana, na hasemi lolote.

Tena tuache kumtumia Mungu kuwatishia watoto. "Mungu atakuchapa." "Mungu hapendi mtoto kama wewe." Tunayasema tukiwa tumechoka, tunataka wanyamaze, nao wananyamaza. Lakini yanabaki ndani yao. Miaka ishirini baadaye huyo huyo ameketi kitandani usiku, ameanguka, anataka kuomba na hawezi, kwa sababu Mungu aliyefundishwa ni wa kukimbiwa. Torati inatuagiza kuwafundisha watoto neno la Mungu kwa bidii, tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Basi hata namna tunavyompokea mtoto aliyekosea ni fundisho juu ya Baba wa mbinguni, na analipokea kabla hajajua kusoma.

Wewe unayesoma hapa na hujaomba siku nyingi, usitafute maneno mazuri. Hana, mama yake Samweli, alipoomba hekaluni midomo yake ilicheza tu, sauti haikusikika, hata kuhani akadhani amelewa, na Mungu alimsikia. Njoo na jambo lenyewe, likiwa bichi. Zaburi inasema, "Kama vile baba awahurumiavyo watoto wake, ndivyo Bwana anavyowahurumia wamchao. Kwa maana Yeye anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Anakumbuka! Ulipoanguka hukumshtua. Na kiti cha neema, Waebrania inasema tukikaribie kwa ujasiri ili tupewe rehema, na rehema hawapewi wasiokosa.

Yule dada amenipa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Tumwombee wiki hii. Na tuwataje watoto wetu mbele za Bwana kwa majina, mmoja mmoja, hasa wale ambao siku hizi wameacha kutusimulia mambo yao.