Frankel alikuwa mkali kiasi gani? Muulize Excelebration

Ubishi wa farasi bora wa maili moja ukianza, haukawii kufika Ascot, uwanja wa mbio wa Uingereza, Juni 2012: Frankel kashinda mbio za Queen Anne Stakes kwa urefu wa farasi 11, kelele zimekwisha. Mimi pia namweka Frankel juu ya wote. Ila ukiniuliza kwa nini, mbio hizo sizitaji kwanza. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili halikwambii kitu mpaka umjue huyo wa pili ni nani, na siku hiyo alikimbia kama anavyokimbia siku zote au la.

Tuwekane sawa kwenye hesabu. Urefu mmoja wa farasi ni kama mita 2.4. Katika mbio za maili, yaani mita 1,609, wapimaji wa viwango huuhesabu urefu mmoja kuwa sawa na ratili 2 hivi (karibu kilo moja) za uzito mgongoni. Mbio fupi za mita 1,000 urefu huohuo hufika ratili 3, na kwenye mita 2,400 hushuka hadi moja na nusu. Sababu ni kwamba mbio zikiwa ndefu, uchovu huachanisha farasi wenye uwezo unaokaribiana. Ardhi laini hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana pengo la urefu 6 kwenye tope la Oktoba lina thamani ndogo kuliko urefu 6 kwenye nyasi kavu za Julai.

Sasa mchukue Excelebration, maana hakuna farasi aliyekutana na Frankel mara nyingi kumzidi kati ya wale wakubwa. Walikutana mara tano. Greenham Stakes pale Newbury, Aprili 2011, mita 1,400: Frankel mbele kwa urefu 4. St James's Palace, Juni mwaka huohuo: Excelebration wa tatu. Queen Elizabeth II Stakes, Oktoba 2011: urefu 4 tena. Lockinge, Mei 2012: urefu 5. Kisha Queen Anne, urefu 11.

Ukizipanga hivyo unaona nne, nne, tano, halafu ghafla kumi na moja. Frankel aliongeza uwezo mara mbili ndani ya mwezi mmoja? Haiwezekani. Angalia aliyeshika nafasi ya tatu siku ile: Side Glance, farasi mzuri wa daraja la chini kidogo, alimaliza karibu kabisa na Excelebration. Katika siku yake Excelebration angemwacha Side Glance mbali. Kwa hiyo sehemu ya ule urefu 11 ni ukali wa Frankel, na sehemu nyingine ni Excelebration kuchoka kwa kujaribu kumfuata. Hilo ni kosa la kawaida la farasi wa pili: anamfukuza asiyefukuzika, anamaliza mafuta mita 400 kabla ya mwisho, na wanaotoka nyuma taratibu wanamfikia.

Excelebration mwenyewe hakuwa mnyonge hata kidogo. Alishinda Mehl-Mülhens-Rennen ya Ujerumani kwa urefu 7, akachukua Prix du Moulin 2011 na Jacques le Marois 2012 huko Ufaransa. Tarehe 20 Oktoba 2012, muda mfupi kabla Frankel hajaingia kwenye mbio zake za mwisho, alishinda Queen Elizabeth II palepale Ascot kwa urefu 3. Bila Frankel tungekuwa tunamwita bingwa wa kizazi chake. Kumshinda farasi wa namna hiyo kwa urefu 4 au 5 mara tatu, tena kwenye viwanja tofauti, ndiyo kipimo ninachokiamini. Timeform, kampuni ya Uingereza inayopima viwango vya farasi, walimpa Frankel 147, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia yao kwa mbio zisizo na viunzi, na mzigo mkubwa wa hoja hiyo umebebwa na Excelebration.

Kasi ya mwanzo nayo hupotosha macho. Katika 2000 Guineas ya 2011, mbio za maili za farasi wa miaka mitatu, Frankel alifyatuka kutoka getini, na kufika katikati ya uwanja wa Newmarket alikuwa ameshawaacha wenzake mbali mno. Alimaliza urefu 6 mbele ya Dubawi Gold. Kuna waliosema aliishiwa mwishoni. Farasi yeyote anayetumia nguvu hivyo mita 800 za kwanza lazima apunguze. Cha ajabu ni kwamba hakuna aliyeweza kulifuta lile pengo. Wiki chache baadaye St James's Palace ilionyesha upande wa pili. Mpanda farasi wake, Tom Queally, alimwachia mapema mno kumfuata Rerouted, yule farasi aliyewekwa kuongoza kasi, na Frankel akajikuta yuko peke yake mbele na safari bado ndefu. Zoffany akaja kutoka nyuma, akakosa kwa robo tatu ya urefu. Ukisoma matokeo tu utaandika kwamba Zoffany ni karibu sawa na Frankel. Ukiangalia jinsi nguvu zilivyogawanywa, utaitupa karatasi hiyo.

Sussex Stakes ya 2011 inahitaji uangalifu zaidi. Frankel wa miaka mitatu alimpiga Canford Cliffs wa miaka minne kwa urefu 5, akiwa amebeba ratili 8 pungufu. Nafuu hiyo ya umri si zawadi, ni fidia ya mwili ambao bado unakua, na wapimaji huizingatia kwa farasi wote wa rika hilo. Lakini Canford Cliffs alianza kuvutia upande mmoja pale alipoombwa kasi, na baadaye ikagundulika ameumia. Hakukimbia tena. Farasi anayekwepa mstari akibanwa mara nyingi ana maumivu, kwa hiyo pengo la siku ile napunguza kidogo, ingawa mshindi habadiliki.

Huyu Canford Cliffs ndiye anayetufikisha kwa Goldikova, farasi jike aliyefunzwa Ufaransa. Juni 2011 alimshinda kwa urefu mmoja kwenye Queen Anne, na farasi jike hubeba ratili 3 pungufu. Urefu mmoja ni ratili 2, ongeza 3, unapata ratili 5. Hizo ni nyingi, ila Goldikova alikuwa na miaka sita wakati huo, na uwanja wake halisi ulikuwa ule wenye kona kali: alishinda Breeders' Cup Mile mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, huko Marekani. Kwenye kona unahitaji farasi anayeshika nafasi haraka na kubadili mguu wa kuongoza bila kupoteza mwendo. Maili iliyonyooka ya Ascot haiulizi swali hilo. Mkufunzi wake Freddy Head alilijua vizuri. Yeye ndiye aliyempanda Miesque aliposhinda Breeders' Cup Mile 1987 na 1988.

Wazee wa mchezo watasema nimemsahau Brigadier Gerard, farasi wa Uingereza wa miaka ya 1970. Hapana. Kwa ubora wa aliowashinda ndani ya mbio moja, Guineas yake ya 1971 inaipita ya Frankel. Alimwacha Mill Reef kwa urefu 3, na Mill Reef huyo mwaka uleule akaenda kuchukua Derby, Eclipse, King George na Arc, mbio kubwa za masafa marefu zaidi. Frankel hakuwahi kukutana na farasi wa hadhi hiyo kwenye maili. Brigadier alishinda mbio 17 kati ya 18 na Timeform walimpa 144. Kinachomnyima nafasi ya kwanza ni kwamba Mill Reef alikuja kung'ara kwenye masafa marefu zaidi, kwa hiyo maili ilimbana yeye kuliko mshindi.

Kingman ndiye naona anadharauliwa. Sussex yake ya 2014 alimshinda Toronado kwa urefu mmoja tu, lakini mbio zilianza kwa mwendo wa polepole sana. Kasi ikiwa ndogo mwanzoni, wote wanafika mita 600 za mwisho wakiwa na nguvu, na pengo linabanwa hata kama mmoja ana uwezo mkubwa kuliko wenzake. Kutoka nyuma ya Toronado katika mazingira hayo na bado kumpita ni kazi ngumu kuliko urefu 5 alioupata Curragh kwenye 2000 Guineas ya Ireland. Alipoteza mara moja tu, Guineas ya Newmarket, kwa nusu urefu, siku ambayo kundi liligawanyika na mshindi Night of Thunder akakata uwanja upande kwa upande.

Baaeed namweka chini ya hao. Alishinda mbio zake kumi za mwanzo mfululizo, zikiwemo Lockinge, Queen Anne na Sussex za 2022, lakini kwenye Queen Anne na Sussex pengo lilikuwa chini ya urefu 2. Siku yake kubwa kuliko zote ilikuwa York, urefu 6 na nusu mbele ya Mishriff, katika masafa ya zaidi ya mita 2,000. Watu humtetea kwamba kwenye maili alifanya kazi inayotosha tu. Mimi nasoma tofauti: maili ilikuwa fupi kwake, akawa anashinda kwa ubora wa jumla kuliko kwa kasi, na kama angehamishiwa masafa marefu mapema mwaka ule tungemjadili kwenye orodha nyingine kabisa.