Nilivyopata chumba Kusini Unguja kwa mshahara wa hoteli

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kwetu ni Wete, Pemba, kwa hiyo huku sina kiwanja cha urithi wala nyumba ya shangazi. Nawaandikia vijana wanaokuja kutafuta kazi ukanda huu. Kazi zipo, nyumba ndiyo mtihani.

Zanzibar ilipofungulia watalii tena Juni 2020, wakati nchi nyingi bado zimejifungia, walikuja wageni wa kukaa miezi: wanaofanya kazi kwa intaneti, wanaofuata upepo wa kaiti, tiara la kumvuta mtu juu ya maji. Wengi walipenda Paje na Jambiani. Simlaumu mwanakijiji aliyetia vigae, akafunga kiyoyozi na kuanza kutaja kodi kwa dola. Naye ana watoto wa kusomesha. Lakini mishahara haikwenda na dola hizo. Kima cha chini cha sekta binafsi Zanzibar kilipanda mwaka 2024 kutoka shilingi 270,000 hadi 347,000. Mimi nilikuwa napata 400,000, na chumba kimoja chenye choo ndani Paje niliambiwa 300,000 kwa mwezi, tena nilipe miezi sita kwa mkupuo.

Nilipiga hesabu kwa mapato ya masika. Mwezi wa nne na wa tano hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na ile asilimia ya huduma tunayogawana haipo. Ukipanga nyumba kwa pesa ya Agosti, masika yatakutoa.

Nikaacha kutafuta ufukweni. Barabara ya kutoka mjini kuja Paje inapita Jozani, kisha Kitogani. Kitogani haina ufukwe, na kodi zake bado ni za shilingi. Dalali sikumwona, nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, na kitambulisho changu, nikajieleza natoka wapi na nafanya kazi wapi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa bibi mmoja mwenye vyumba viwili uani, wanawe wote wamehamia mjini.

Bibi alitaka 80,000 kwa mwezi. Nikamwambia, "Bibi, naomba nikulipe zaidi wakati wa wageni, masika unipunguzie." Akanyamaza, akauliza, "Mwaka ukiisha mimi nitakuwa nimepata ngapi?" Tukahesabu pamoja: 90,000 kwa miezi kumi, 30,000 kwa miwili ya masika, jumla 960,000, sawasawa na bei yake. "Haya mwanangu, andika." Tuliandikiana mbele ya sheha, kila mmoja ana nakala yake. Malipo ya kwanza niliyapata kwenye mchezo tunaocheza wafanyakazi, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Niliomba zamu ya mapema na wenzangu wakaniridhia.

Ikabaki safari. Zamu ya jioni ikiisha hakuna daladala. Sote tunaokaa mbali na pwani tulimwendea meneja kwa pamoja, na sasa gari ya hoteli inaturudisha usiku. Hiyo ni haki, si hisani. Hoteli inayojenga vyumba vya wageni bila kufikiria wafanyakazi watalala wapi inawatwisha wanakijiji mzigo wake.

Chumba cha pili cha bibi amekichukua mwenzangu wa jikoni, kwa masharti yaleyale. Nanyi kabla ya kusaini mkataba wa kazi, ulizeni masika mnalipwa nini, na usiku mnarudi na nini.