Simbu umemwona na baiskeli?

Leo Alhamisi, na neno la Jumapili bado limenikaa kooni.

Kundi letu la mbio lilikuwa limeshuka kutoka Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nimeinama nimeshika magoti, jasho linadondokea viatu. Mzee anayetushikia saa akanisogelea, akasema taratibu, "Dada, njia mbili zilimshinda fisi. Simbu umemwona na baiskeli?" Alimaanisha Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Dada. Siku zote ananiita Mwalimu.

Ni kweli nilikimbia vibaya. Jumamosi nilikwenda Himo na kurudi, karibu kilomita 50, na wakati wa kurudi upepo ulinikabili hadi Kiboriloni, nikawa nakanyaga pedali kama niliyegombana nazo. Kesho yake mapaja yalikuwa magogo. Kundi likanisubiri mara mbili mlimani. Lakini si angeniuliza tu jana yake nilifanya nini? Matokeo ya kidato cha nne yametoka, barua ya uhamisho ya baba watoto imefika, na mimi usiku naosha vyombo huku namjibu mzee kimoyomoyo: Simbu hana ugoko wangu.

Mnaukumbuka mwaka jana. Ule ufa mdogo kwenye mfupa wa ugoko, wiki nane bila kukimbia, kila Jumapili nikisikia viatu vya wenzangu vikipita nje ya dirisha. Baiskeli ya bluu ndiyo iliyonitunzia pumzi. Ukikimbia, kila hatua inautwisha mguu mzigo unaozidi uzito wako mara mbili na zaidi. Ukiwa juu ya siti, moyo unadunda vilevile na mfupa unapumzika. Septemba Simbu alipomaliza marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, yeye na Mjerumani Petros wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48, yeye akitangulia kwa unywele, dhahabu ikaja nyumbani, nililia sana, maana ndiyo wiki niliyoanza kukimbia tena. Na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeikodolea macho simu, naangalia mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali, watu wanapanda kilima cha mawe cha Kimihurura, na miguu yangu inatikisika chini ya meza. Vyote viwili navipenda. Mzee anataka nichague kimoja.

Jana jioni nilitoka na baiskeli bila hamu, gia nyepesi, dakika 40. Niliporudi niliiegemeza ukutani, nikabadilisha viatu, nikaanza kukimbia palepale. Mwanzoni miguu haikuwa yangu. Nikafika kwenye mwembe wa jirani, nikapita, na karibu na kisima kitu kikafunguka kiunoni, hatua zikawa fupi, za haraka, nyepesi. Mlima ulikuwa wazi mpaka juu. Nilikimbia dakika 20 ambazo sikuwa nimezipanga.

Kumbe kosa lilikuwa Jumamosi. Safari ngumu ya baiskeli nitaihamishia Jumatano, Jumamosi nipumzike kabisa, Jumapili nipande Mweka na miguu mipya. Zimebaki wiki nne kufika nusu marathoni. Mzee nitamwambia mwenyewe, kwa heshima, na nitamwomba aniite Mwalimu.

Mama alipiga simu wakati naandika haya. Hakuuliza habari za wajukuu hata mmoja. Alikohoa, akasema ni vumbi la kufagia, akakohoa tena akiwa ameweka simu mbali. Kesho nitampigia alfajiri, kabla hajatoka kwenda shambani.