Kuotesha Giligilani na Mrehani Dirishani: Uzoefu Wangu wa Dar es Salaam

Mtu anayetaka kuotesha viungo vya majani ndani ya nyumba hapa Dar es Salaam hana budi kujua kwanza jua linapita wapi, kabla hata hajafikiria udongo wala mbegu. Ninaishi ghorofa ya tatu, sina kibaraza wala uwanja, na eneo pekee ninaloweza kulima ni vizingiti vya madirisha manne, kila kimoja kikiwa na upana wa kutosha kuweka makopo ya siagi kwa mstari mmoja. Kwenye vizingiti hivyo ninapata giligilani na mrehani vya kutosha mahitaji ya jikoni kwangu, kuanzia kachumbari hadi chatini, na ninaamini mkazi yeyote wa nyumba ya ghorofa katika mji huu anaweza kupata vilevile.

Maelekezo yanayochapishwa nyuma ya pakiti za mbegu kutoka Ulaya mara nyingi humtaka mpandaji aweke chombo kwenye dirisha linalotazama kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa mkazi wa London au Berlin, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima, ila ukiufuata hapa utapoteza mbegu zako bure. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi takriban tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki huhamia kusini. Isitoshe, jua hilo liko juu mno. Mwezi Juni, linapokuwa limesogea kaskazini kuliko wakati mwingine wowote, huwa kwenye pembe ya nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na mwezi Desemba, likiwa upande wa kusini, pembe hiyo hufikia nyuzi 73. Jua likiwa juu kiasi hicho, zege lililochomoza nje ya ukuta wa ghorofa ya juu yako linatosha kulizuia lisiguse dirisha lako hata kidogo. Nje watu wanaunguzwa na jua la saa sita, na ndani miche inapauka kwa kukosa mwanga.

Ili kupata uhakika, niliweka makopo yenye udongo uleule na mbegu za pakiti ileile kwenye madirisha yote manne kwa wakati mmoja. Dirisha la mashariki liliyashinda mengine kwa mbali, kwa sababu jua la asubuhi huja likiwa limeinama na kuingia ndani moja kwa moja tangu muda mfupi baada ya kuchomoza hadi karibu saa nne, kabla joto halijawa kali. Miche ya hapo ilikuwa mifupi, yenye shina nene na rangi ya kijani iliyokolea. Dirisha la magharibi nalo lina mwanga mwingi, lakini jua la alasiri hukuta chumba kimeshapata joto, na kopo jeusi la plastiki likipigwa na jua hilo huwa la moto kiasi kwamba ukiligusa unaondoa mkono; mrehani huvumilia hali hiyo, giligilani haivumilii. Dirisha la kaskazini hufaa kuanzia Mei hadi Agosti. La kusini nimeliacha kabisa, maana miche iliyoota huko ilirefuka na kulala chini, ikiwa na mashina membamba yasiyoweza kubeba hata majani yake. Wavu wa mbu pia hupunguza mwanga, hasa ukijaa vumbi, kwa hiyo ninaufua mara kwa mara, na kila asubuhi ninageuza makopo kidogo ili mimea isielemee upande mmoja.

Mbegu za giligilani zinapatikana katika maduka ya pembejeo, lakini hata zile zinazouzwa na wauza viungo kwa ajili ya kusaga na kutia kwenye mchuzi huota vizuri iwapo hazijakaa ghalani muda mrefu. Nilipomwamkia mama mmoja anayeuza viungo Kariakoo na kumuuliza kama zake zingeota, alinijibu bila kusita: “Mwanangu, hizi za gunia hili ni za msimu uliopita, hizi ni za kusaga. Za kupanda ngoja nikupimie kwenye lile lililoingia juzi.” Hata hivyo, mbegu zozote ninazonunua huzijaribu kwanza kwa kufunga punje 10 ndani ya kitambaa kilicholowa na kuziweka mahali penye kivuli. Zikiota pungufu ya nusu, zilizobaki zinaenda kwenye kinu.

Punje moja ya giligilani ni tunda kavu lenye mbegu mbili ndani yake, na hapa ndipo penye kazi inayohitaji uangalifu. Ninazimwaga punje juu ya ubao wa kukatia, ninazibana kwa kitako cha glasi na kukizungusha polepole, mpaka nisikie ganda linapasuka na kila punje igawanyike vipande viwili. Ukibana kwa nguvu unaivunja mbegu yenyewe. Ukibana kwa woga, ganda linabaki zima na maji huchelewa kuingia. Baada ya hapo ninaziloweka usiku kucha, kisha ninazifukia kwa kina cha sentimita 1 katika kopo lenye kina cha angalau sentimita 15. Ninazipanda moja kwa moja katika kopo zitakamokulia, kwa sababu giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka chini mapema na haipendi kuhamishwa. Huchomoza kati ya siku 7 na 14, ikitanguliza majani mawili marefu na membamba ambayo asiyeyajua anaweza kuyang'oa akidhani ni magugu. Jani linalofuata huwa la mviringo lenye kingo zilizochongeka, na ukilisugua kwa kidole, japo ni dogo sana, tayari linatoa harufu yake kamili.

Mrehani una tabia tofauti kabisa. Huu ni mmea uliozoeleka katika pwani yetu, ambako hutiwa kwenye kikuba pamoja na asumini, na joto la Dar es Salaam haliusumbui. Mbegu yake ni nyeusi na ndogo sana. Ukiidondoshea maji, katika dakika chache huvimba na kuvaa ute wa kijivu unaong'aa. Ute huo huhifadhi unyevu kuizunguka mbegu, lakini pia huzifanya mbegu zigandane na kunata vidoleni, ndiyo maana siziloweki. Ninazinyunyiza zikiwa kavu juu ya udongo uliokwisha kulowa, ninafunika kwa tabaka jembamba la udongo uliochekechwa, na katika siku 5 hadi 10 miche huwa imetokeza.

Kuhusu udongo sitasema mengi: ninachanganya vumbi la makumbi ya nazi, mboji iliyooza vizuri na mchanga, kisha ninamwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe kabla ya kupanda. Maji hayo ya moto hupunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoikata miche usawa wa udongo ikaanguka ikiwa bado mibichi. Kinyausi hupenda miche iliyosongamana, hewa iliyotulia na udongo uliolowa muda wote, kwa hiyo ninapunguza miche mapema bila kuionea huruma na ninaliacha dirisha wazi mchana.

Umwagiliaji unahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni chumvi, kwa kuwa maji ya visima vingi katika maeneo ya pwani ya mji huu yana chumvi, nayo hujikusanya kwenye kopo dogo hadi ncha za majani zikaungua na ukoko mweupe ukaonekana juu ya udongo. Ninatumia maji ya bomba au ya mvua. Ya pili inahusu afya ya nyumba nzima. Ninapenda kumwagilia kwa chini, yaani kukalisha kopo lenye matundu ndani ya sinia lenye maji ili udongo unywe wenyewe, lakini baada ya nusu saa ninayamwaga maji yaliyobaki na kulifuta sinia. Mji huu umepata milipuko ya kidingapopo, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019, na mbu wa Aedes anayeeneza ugonjwa huo huzaliana katika vyombo vidogo vya maji yaliyotuama majumbani. Mabuu yanaweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi. Mtu asiyeweza kuyamwaga maji ya sinia kila mara ni afadhali amwagilie kwa juu.

Kilichobaki ni msimu. Giligilani hustawi sana wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo usiku huwa na ubaridi kidogo. Januari na Februari joto huiharakisha kutoa maua: shina hupanda ghafla, majani mapya yanakuwa membamba ya nyuzinyuzi na ladha yake hubadilika. Hakuna dawa ya hali hiyo, ila kupanda kopo jipya kila baada ya wiki mbili au tatu na kuchuma majani ya nje mapema, ukiuacha moyo wa mmea. Mrehani unavunwa kwa namna nyingine. Ukifikia urefu wa sentimita 15 ninakata kilele chake juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, na kwenye kifundo hicho huchipuka matawi mawili, ambayo nayo yakikatwa huzaa mengine. Ninakata kila mwanzo wa ua unapojitokeza, isipokuwa kwenye mche mmoja ulio bora kuliko yote, ambao ninauacha utoe maua na kukauka kwa ajili ya mbegu.

Mbegu hizo ninazipura mkononi, ninazipeperusha kwenye sinia na kuzianika kivulini, kisha ninazifunga ndani ya karatasi na kuzitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu unyevu wa hewa ya Dar es Salaam huharibu mbegu zilizoachwa wazi. Juu ya karatasi ninaandika mwezi na dirisha ulipokulia mche mama. Msimu ujao ninakusudia kuongeza vitunguu majani kwenye dirisha la kaskazini, nikivipanda mwezi Aprili ili Mei, jua litakapoanza kuingia upande huo, livikute vimeshashika mizizi.