Tuko sita

Jioni moja mwaka 1991 mwalimu wetu wa michezo alikuja nyumbani. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Mwalimu akasimama pembeni kama mtu aliyekuja kudai deni, wakasalimiana, kisha akasema, "Mama, nina wasichana sita. Netiboli inataka saba."

Mama akaniangalia, akauliza maji atachota nani. Mwalimu akasema uwanja uko jirani na bomba la kijiji, nije na ndoo yangu, mazoezi yakiisha nijaze niondoke. Mama akaendelea kupepeta bila kujibu, na kwa mama yangu huko ndiko kukubali.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniona leo, na miaka yangu 46, nimevaa fulana yenye herufi GK, za mlinda goli wa netiboli, kifuani, hudhani nilizaliwa na kipaji. Sikuwa nacho. Nilikuwa wa saba.

Shule yetu ilikuwa wilaya ya Kilosa. Uwanja wa netiboli tuliulima wenyewe kwa jembe, mistari tukaichora kwa majivu tuliyobeba kutoka majumbani. Pete alizichomelea fundi baiskeli kwa nondo, na moja ilitoka kama yai. Timu ngeni zikija tulihakikisha zinaanza kufunga upande wa yai. Kila robo mnabadilishana magoli, kwa hiyo hila yenyewe ilidumu dakika chache tu, lakini tuliifurahia.

Kudaka na kukwepa tulikuwa tumeshajifunza kwenye rede: wawili wanarushiana mpira wa soksi, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unaruka usipigwe. Kilichotushinda ni sekunde tatu. Ukidaka mpira wa netiboli hukimbii nao, na ndani ya sekunde tatu uwe umeshautoa. Mwalimu alikuwa anatuhesabia kwa sauti, moja, mbili, na kabla hajafika tatu anapiga kelele, "Mpira si mwanao, mpe mwenzio!" Mpaka leo nikishika kitu cha mtu kwa muda mrefu naisikia sauti ile.

Asubuhi kulikuwa na mchakamchaka, mbili mbili, miguu peku, darasa la saba wakiongoza nyimbo na sisi tukiitikia hadi kijiji kizima kiamke. Mwalimu alikimbia pembeni yetu na fimbo yake, na simulizi zake zote zilikuwa za Filbert Bayi. Alitueleza jinsi Bayi alivyotangulia tangu mlio wa bastola kule Christchurch, New Zealand, Februari 1974, kwenye mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, wenzake wakamfukuza mpaka mwisho wasimpate, na rekodi ya dunia ikawa ya Mtanzania: dakika 3 na sekunde 32.2. Nikayaamini maneno yale kupita kiasi. Kwenye mita 800 za tarafa nilitoka mbele kama Bayi, na mzunguko wa kwanza nilikuwa peke yangu. Mzunguko wa pili walinipita wote, akiwemo msichana mmoja aliyekuwa anakimbia huku amekamata kanga isidondoke. Nikarudi kwenye netiboli yangu, nikawa senta, yule mwenye herufi C anayekimbia karibu uwanja mzima.

Mwaka uliofuata tulifika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya. Tulilala kwenye madarasa juu ya mikeka, madawati yamesukumwa ukutani, tukala wali na maharage siku nne mfululizo. Tulifungwa mechi zote isipokuwa moja. Sikumbuki magoli. Nakumbuka kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu, na kwamba hatukulala.

Sekondari ndiko nilikoona wasichana wanavyotoka michezoni. Tukiwa kidato cha kwanza tulijitokeza zaidi ya ishirini. Kufika cha tatu tulikuwa tisa. Watu husema wasichana wakikua wanakuwa wavivu. Si kweli. Matiti yanaota na hakuna sidiria ya michezo, una kitambaa na khanga iliyochanwa, wavulana wamejipanga kwenye mstari wanatoa maoni. Siku za hedhi ulisingizia kichwa kinauma, na mwezi wa pili ukishasingizia, unaondolewa kwenye orodha. Wengine nyumbani walikatazwa sketi fupi. Mwalimu mmoja wa kike alipohamia akasema anayetaka avae suruali ndefu chini ya sketi na afunge mtandio vizuri. Wawili wakarudi wiki ileile, na mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa mfungaji wetu hodari. Jambo dogo tu, suruali.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilinifikisha Morogoro mjini mara moja. Tukatolewa mapema.

Halafu nikaacha. Sikuamua kuacha, nilimaliza kidato cha sita mwaka 1999, timu ikabaki shuleni na mimi nikaondoka. Chuo, kazi Dar es Salaam, ndoa, watoto watatu. Jumapili asubuhi klabu za jogging zilikuwa zinapita barabara ya mtaani kwetu na fulana zao za rangi moja na nyimbo zilezile za mchakamchaka, mimi nipo dirishani na kikombe cha chai najua viitikio vyote.

Nilijaribu kurudi, tena zaidi ya mara moja. Nilinunua raba za mtumba soko la Karume, nikakimbia peke yangu alfajiri siku kumi na moja; ya kumi na mbili mvua ilinyesha, na sikutoka tena. Nililipia gym mwezi mzima nikaenda mara nne. Najua gharama ya kila safari kwa sababu niligawanya, na hasira ya ile hesabu ndiyo iliyonizuia kulipia mwezi wa pili. Mume wangu akaniambia sina msimamo. Niliumia, ila sikuwa na la kumjibu.

Mwaka 2017 ofisi yetu ilihamia Dodoma, kama serikali nzima ilivyokuwa inahamia wakati ule. Watoto walibaki Dar na baba yao mpaka shule ziishe. Nikapanga chumba na sebule mtaa wa Kisasa. Ijumaa tulijazana kwenye mabasi kwenda Dar, Jumapili usiku tunarudi. Jioni za katikati ya wiki ndizo zilizokuwa na tabu: unatoka kazini saa tisa na nusu, jua kali bado, unarudi chumbani unakula chipsi mayai unaongea na watoto kwa simu, na saa mbili usiku huna tena la kufanya. Nikanenepa. Kwenye upimaji wa afya pale ofisini nesi alinipima presha, akanyamaza, akapima tena mkono wa pili. 150 kwa 95. Daktari akaniambia nipunguze chumvi na nipate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Nikaitikia ndiyo daktari, nikijua ninavyojijua.

Wiki hiyohiyo dada mmoja wa uhasibu akanisimamisha kwenye ngazi. "Dada, ulishawahi kucheza netiboli?"

Nikamwambia zamani sana, shuleni.

"Mwenzetu mmoja ni mjamzito. Tuko sita."

Sijui kama nilimjibu kwa mdomo. Najua tu kwamba Jumanne saa kumi na nusu nilikuwa uwanjani, na raba zangu za Karume.

Niliomba fulana ya C, maana ndiyo niliyoijua. Kichwa kilikumbuka kila kitu. Niliona nafasi kabla haijafunguka, nikajua pasi inakwenda wapi, ila mwili ulikuwa unafika mpira umeshapita. Robo ya kwanza haijaisha nikaenda pembeni nikatapika ile chai ya saa kumi. Wasichana wa miaka 25 wakanipepea kwa madaftari. Aibu ile ningeipata nikiwa peke yangu mtaani ningeenda nyumbani moja kwa moja. Lakini nikiondoka wanabaki sita, na wote wananitazama. Nikarudi ndani.

Hapo ndipo nilipojielewa. Msimamo sikuwa nao tangu darasa la sita. Kilichokuwa kinanitoa nyumbani ni mtu anayenisubiri. Jumanne dakika 60, Alhamisi 60, na Jumamosi 60 kwa waliobaki mjini. Nilipopiga hesabu ya wiki nisiyokwenda Dar nikakuta nina dakika 180, na sikuwa nimezitafuta.

Kosa langu lilikuwa haraka. Netiboli inakuvunja kwa namna yake: ukidaka unatakiwa usimame palepale, na mwili wenye kilo 86 ukisimamishwa ghafla, breki zake ni magoti. Wiki ya tatu niliruka, nikatua vibaya, goti la kulia likavimba kama embe. Wiki sita. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni. Kupanda na kushuka ngazi moja. Kutua kwa vidole kwanza na magoti yamekunjwa. Akaniambia neno ambalo nilipaswa kuambiwa shuleni, kwamba misuli ya mapaja ndiyo inayolinda goti. Sisi shuleni kupasha mwili moto kulikuwa ni kuzunguka uwanja mara mbili, basi.

Nilipokuwa napona, nakaa benchi na barafu gotini, kocha wa kuvuta kamba akanifuata. Alinitazama juu mpaka chini bila aibu yoyote. "Dada, uzito huo usiupoteze. Huo ni mali."

Kwa wasiojua, SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, ina mpira wa miguu, netiboli, riadha, baiskeli, bao, karata, drafti, na ina kamba. Wengi hudhani kamba ni ya kuchekesha. Mimi pia nilidhani. Mko wanane, mnalala nyuma mpaka migongo inakaribia ardhi, na kazi ni ya miguu. Anayevuta kwa mikono anachoka kabla ya wote. Wa mwisho anazungushiwa kamba mwilini. Kuna wakati pande zote mbili zinagandana, hakuna anayesogea, husikii kitu isipokuwa pumzi, na ukilegeza wewe mmoja wenzako saba wanajua papo hapo ni nani. Malengelenge ya viganja yalichukua mwezi kugeuka sugu. Goti halikulalamika, kwa sababu kamba haina kuruka.

Mwaka tulioenda Iringa tulivutwa mivuto miwili kwa bila na wanawake waliotuzidi nguvu na mpangilio. Walikuwa wanapumua pamoja. Nililala usiku huo mikono imevimba siwezi kufunga kifungo, nacheka peke yangu.

Niseme na hili, maana linasemwa maofisini: kwamba watu wazima wanakwenda kwenye michezo kufuata posho. Wapo. Mkuu wangu mmoja alikuwa akininyima ruhusa kwa sababu hiyohiyo, na kuna mwaka nilibaki na mafaili wenzangu wakaondoka. Lakini posho ni ya siku za mashindano, na Jumanne ya kawaida, vumbi la Dodoma linaingia mpaka kwenye meno, hailipwi na mtu. Wanaofuata posho huonekana wiki mbili kabla ya safari. Tunawajua, na tunawakaribisha pia, kwa sababu wakati mwingine tunapungukiwa.

Netiboli nilirudi baada ya miezi minne, ila C niliiacha kwa wenye mapafu. Sasa ni GK. GK hakimbii sana. Anakaa sentimita 90 kutoka kwa mfungaji, mikono juu, anakadiria. Inataka subira, kitu ambacho sikuwa nacho kwenye zile mita 800. Septemba 2025 niliamka asubuhi nikakuta simu imejaa habari za Mtanzania Alphonce Simbu kuchukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, amempita Mjerumani kwenye mstari kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 zote, halafu hatua za mwisho. Nikamkumbuka mwalimu wetu na Bayi wake. Natamani angekuwepo tubishane.

Presha yangu inacheza kwenye 130 kwa 85, na dawa bado nameza nusu kidonge. Kilo nimepungua saba, si zaidi. Goti hunijulisha mvua inapokaribia.

Yule dada wa uhasibu alihamishiwa Mbeya, akaniachia daftari la timu na ile kazi ya kuwatafuta watu. Alhamisi iliyopita mmoja alikuwa safari, mwingine anauguza mtoto. Nikashuka masijala kwa binti mmoja mpya, mrefu, ambaye nilimwona akidaka faili lililorushwa toka mezani kwa mkono mmoja bila kuangalia.

"Mama, mimi sijui kucheza. Nilicheza shule ya msingi tu."

Nikamwambia tuko sita.

Akaniuliza viatu atapata wapi. Chini ya meza yangu kuna jozi ya akiba, namba 39. Akavijaribu pale pale katikati ya makabati. Vilimbana kidogo, akasema vitaachia.